Mazoezi ya Joto

Siku ya kwanza ya Julai mume wangu alizima kiyoyozi. Alisimama mbele ya kile kidude cha ukutani, miwani kwenye ncha ya pua, akabonyeza, akasubiri mpaka upepo wa mwisho ulipokoma kwenye matundu ya dari. Kisha akanigeukia kwa uso wa mwenyekiti aliyefungua mkutano.

"Basi, Mama Audrey. Mazoezi tumestart."

Nilikuwa nimekubali mwenyewe. Septemba tulitakiwa kuhama Gaithersburg, hapa Maryland, Amerika, na kurudi Kenya. Nyumba yetu ya Biretwo, chini kwenye Bonde la Kerio, ilikuwa imekamilika hadi rangi, na Kipngetich alikuwa amestaafu kwenye maabara alikohudumia mashine kwa miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Yeye ni mtu wa bondeni, Soi, ambako jua halina mzaha. Mimi ni wa Kaptarakwa, juu kule Mosop, ambako Julai ukungu huingia jikoni na kukaa nasi hadi saa nne. Sisi Wakeiyo wa juu na wa chini tumetaniana tangu zamani. Siku niliyoolewa, shangazi zake walisema wazi kwamba msichana huyu atayeyuka kabla hajafika kisimani. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kulala bondeni zaidi ya siku chache. Tukienda likizo nilishinda kwao mchana, na jioni nilipata sababu ya kupanda kwetu.

"Huwezi kutoa mtu kwa AC ya miaka ishirini na nne umtupe Biretwo," alikuwa ameniambia mwezi Juni. "Lazima mwili uzoee pole pole."

Asichokijua ni kwamba sikuwa na mpango wa kwenda. Mwezi Mei nilikuwa nimezungumza na Violet, msimamizi wangu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, nikamwomba aniwekee zamu mbili kwa wiki kuanzia Septemba. Violet alifurahi, maana wauguzi ni wachache. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya uwanja wa ndege: tangulia, Baba Audrey, nakufuata. Kanisani kwetu sote tunayajua maneno hayo. Kuna akina mama walioyasema zamani na hadi leo wako Silver Spring, waume zao wako Kitale na Nyeri, wanatumiana picha za ng'ombe na za wajukuu.

Sikuwa na ugomvi naye. Niliogopa tu, na acha niseme vizuri nilichokiogopa. Joto niliogopa, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kushinda kutwa nzima na Kipngetich. Tangu tufike Amerika mimi nilifanya kazi usiku na yeye mchana. Tulikutana mlangoni asubuhi, mmoja anavua viatu na mwingine anavaa, tukaambiana kuna chai kwenye chupa, gari halina mafuta, Audrey ana homa. Ndoa hiyo ilitufaa. Mtoto alisoma, nyumba ililipwa, na hatukugombana kwa sababu hatukupata nafasi. Sasa ningekaaje naye chini ya paa moja tangu kunakucha hadi jua linatua, bila zamu ya kuniokoa?

Kwa hiyo mazoezi yale niliyapokea kwa mikono miwili, nikapanga kushindwa. Ningehema mbele ya mashahidi, ningelala sakafuni na kuomba maji, na watu wangesema maskini Chelagat alijaribu, mwili umekataa. Kipngetich angetangulia bila kinyongo na mimi ningebaki bila lawama.

Siku ya tatu nilikuwa tayari. Joto la Maryland halina adabu. Jasho linatoka na halina pa kwenda, linakaa nawe. Nilikuwa nimeketi kwenye sakafu ya jikoni, mgongo kwenye friji, nikitafuta maneno ya kusalimu amri, Kipngetich alipoingia kuchukua maji. Alinitazama, akatabasamu.

"Nyinyi watu wa Mosop," akasema. "Hata wiki moja hamuwezi maliza."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilikuwa nimeshaamua kushindwa, lakini si mbele ya tabasamu lile. Niliinuka, nikavuta kiti hadi dirishani penye jua, nikaketi nikamenya viazi vya chakula cha jioni vyote, kisha nikamenya na vya kesho. Nilijiambia nitashindwa wiki ijayo.

Aliyeniokoa ni Anysie. Yeye ni jirani tunayegawana naye ukuta, mama wa Uvira, kule Kongo mashariki, anayehudumia wagonjwa majumbani. Aliniona nimefungua madirisha yote saa sita mchana, akaja hadi mlangoni na kikapu chake cha nguo mkononi. Huniita Yaya, kwao ni dada mkubwa.

"Yaya Chelagat, sasa munafungula madirisha mchana ya nini? Munakaribisha moto ndani ya nyumba. Funga yote asubuhi, funga na ma-rideaux, haya mapazia. Fungula magaribi."

"Baba Audrey alisema tupate hewa."

"Hewa gani? Na kupika ni asubuhi mapema. Saa sita mutu analala. Kwetu Uvira, mutu mwenye kutembea saa sita ni mulevi ao ni mugeni."

Nikamwuliza kama huko kwao joto ni kali kuliko hili. Akacheka. Akasema la kwao angalau linajua kupumzika, jioni upepo unatoka ziwani, lakini hili la hapa linamkamata mtu kama nguo iliyoloa. Nilifuata alivyosema. Nikawa naamka alfajiri, napika maharagwe na mboga ya siku nzima, nafagia, nafunga mapazia kabla jua halijapanda. Zamu zangu zilikuwa zimepunguzwa hadi siku tatu za mchana, na siku ninazobaki nyumbani nilianza kuziona zina umbo.

Kipngetich alipoona sihemi tena, alikaza kamba. Wiki ya pili akaanza kukata umeme. Akimaliza chakula cha mchana anashuka chini kwenye sanduku la swichi, anazima nyumba nzima, anapanda ngazi akisema, "Stima imepotea, Mama Audrey," eti ndivyo kijijini. Tukawa tunanunua nyama ya siku ile tu. Audrey, binti yetu anayeishi Greenbelt, alikuja Jumapili moja akatukuta tumekaa gizani tunakula matikiti kwa mikono. Audrey husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote.

"Mom, it's ninety-eight degrees. Is this a church thing?"

"Tunajizoesha," nikamwambia. "Muulize baba yako."

Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akachukua kipande cha tikiti. Hakukaa sana.

Wiki ya tatu Kipngetich akaleta mabati. Rafiki yake Gitau aliyabeba kwenye pikapu yake, na kwa siku mbili wakagonga nyuma ya nyumba, kwenye ule ukanda wa nyasi tunaouita uwanja, mpaka kikasimama kibanda cha kuenea mkeka na watu wawili. Kuta za mbao, paa la bati tupu bila dari. Mantiki yake ilikuwa kwamba nyumba ya Biretwo ina paa la bati, na mchana bati lina joto lake, kwa hiyo saa sita hadi saa nane tuwe tunakaa humo. Mama mmoja wa chama cha wakazi wa mtaa alipita, akasimama, akauliza kwa upole kama kibanda ni cha mbwa.

"No, it's for my wife," Kipngetich akamjibu.

Yule mama alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kupewa na Mmarekani yeyote. Akatuambia kibomolewe kabla ya mwisho wa Agosti.

Ndani ya kibanda kile nilikusudia kushindwa kwa heshima. Siku ya kwanza nilitoka macho mekundu, nguo zimenata. Nikamwambia Anysie, akanipa shuka la kulowesha na kutundika mlangoni, na akaniambia niache kupigana. Lala tu, alisema. Siku ya pili nikalala. Siku ya tatu nikalala usingizi wa kweli, usingizi wa mchana ambao sikuwahi kuulala maishani ila baada ya zamu, na ule wa baada ya zamu si usingizi, ni kuzirai.

Halafu tukaanza kuongea. Sijui niseme vipi. Kwenye joto kama lile huwezi kufanya kitu kingine. Simu inachemka, ukiishika inakataa. Unabaki na mtu uliye naye. Kipngetich alikuwa analala chali, mikono chini ya kichwa, anaongea akitazama bati. Aliniambia jinsi mama yake alivyokuwa akikata matope ya mfereji kwa jembe huku amembeba Kibor, mdogo wake Kipngetich, mgongoni. Aliniambia kuna wimbo anausahau katikati tangu akiwa shule. Mimi nikamwambia kuhusu wazee wa kazini, yupi anacheka na yupi ananiita kwa jina la binti yake, mambo niliyoyabeba miaka yote na kuyamwaga kwenye gari nikiwa peke yangu barabarani. Aliniuliza maswali. Alikumbuka majibu kesho yake. Siku za kazi nilijikuta natazama saa, nataka kurudi nyumbani.

Kwa hiyo sikushindwa wiki ya nne wala ya tano. Na Septemba ilikuwa inakuja, na Violet alikuwa ameniandika, na mimi sikuwa nimemwambia Kipngetich neno.

Mchana mmoja wa Agosti niliamka kibandani nikamkuta ameketi, amejiegemeza ukutani, shati limeloa kabisa. Alikuwa akinitazama kwa muda, nadhani.

"Mama Audrey, wewe huchoki?"

"Kuchoka na nini? Nimelala vizuri."

"Nilifikiria by now ungekuwa umesurrender."

Nikasubiri anitanie. Hakutania. Uso ulikuwa umemshuka.

"Ulitaka nishindwe," nikasema.

Niliketi. Nilianza kukumbuka namna kila nilipozoea kitu alivyoleta kingine kigumu zaidi, kwanza kiyoyozi, kisha umeme, kisha bati. Nilidhani ananikomaza.

"Baba Audrey. Sema."

Alipangusa uso kwa kiganja. "Mimi nitaenda huko kufanya nini? Nilitoka nikiwa class six, nikaenda boarding Tambach, nikaenda Nairobi, nikaja hapa. Sijui kuchunga mbuzi. Sijui hata ndengu zinapandwa mwezi gani. Ile safari ya mwisho, watu wa rika langu walikuwa wamekaa kwa mawe pale nje wanaongea. Nilipofika Kibor akatuma mtu aniletee kiti cha plastiki. Kila siku kiti. Watu wote kwa mawe, mimi kwa kiti."

"Kwa nini hukusema hutaki kwenda?"

"Nimwambie nani? Kibor amesimamia hiyo nyumba miaka minne. Nimwambie naogopa kwetu? Lakini nikisema mama ameshindwa na joto, hakuna mtu atauliza. Si hata Ndirangu alisema hivyo."

Ndirangu ni mzee wa kanisa letu. Alirudi Nyandarua akiwa na kontena zima la vitu, na kabla ya Krismasi akawa amerudi Maryland, akatutangazia kwamba mkewe vumbi limemkataa. Tulimwonea mama yule huruma, na wengine, nikiwemo, tulimsema pembeni kwamba amejifanya mzungu. Ndirangu mwenyewe hakuna aliyemuuliza kitu.

Hasira ilinipanda hadi nikatoka kibandani bila viatu. Kwamba mimi pia nilipanga kulitumia joto lilelile hakukunipunguzia hata kidogo. Mwili ni wangu, na kushindwa kwake ni mali yangu, anaigawaje bila kuniuliza? Na kulikuwa na jambo jingine lililonichoma zaidi. Nilikuwa nimeanza kutaka kwenda. Nilikuwa nimeanza kuiona ile nyumba, mapazia yamefungwa, mkeka chini, na mtu wa kuongea naye.

Jioni alinifuata kwenye ngazi za mbele ya nyumba. Magari ya barabara kuu ya I-270 yalikuwa yakivuma kwa mbali na vimulimuli vichache vya mwisho vilikuwa vinawaka kwenye nyasi.

"Jumamosi Kibor atapiga simu," akasema. "Umwambie tu mara moja. Joto limenishinda. Basi. Naomba."

Tangu anioe, Kipngetich hajawahi kuniomba kitu kisichokuwa ndani ya friji. Nilikubali shingo upande.

Jumamosi asubuhi tulisimamisha simu kwenye meza ya jikoni, tukaiegemeza kwenye chupa ya chai. Kule ilikuwa jioni. Kibor alionekana kwenye baraza ya nyumba yetu, watu wengine wawili watatu nyuma yake. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na mimi huniongelesha Kiswahili cha darasani.

"Shemeji, hujambo? Je, mwili umeshauzoea ukali wa jua, au bado?"

"Shemeji, joto limenishinda."

Walicheka, yeye na wale wa nyuma. Mmoja alisema neno kuhusu watu wa Mosop na blanketi, wakacheka tena. Nilivumilia. Kando yangu nilimsikia Kipngetich akishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu nadhani mwezi wa sita.

"Basi hilo si tatizo," Kibor akasema. "Hata mimi nililiwaza. Wewe baki huko penye baridi, karibu na binti yako. Hatutakulaumu. Kipngetich aje peke yake. Nyumba inamngoja yeye, na chakula hakikosekani."

Nilisikia vizuri. Kila nilichokitaka mwezi Mei nilikuwa nimekabidhiwa, tena na shemeji mwenyewe, mbele ya mashahidi, bila lawama. Kilichobaki ni kusema asante. Nilimtazama Kipngetich nione atatokaje. Alikuwa ameshika kijiko cha sukari anakigeuzageuza.

"Ni sawa," akamwambia ndugu yake. "Sawa tu. Hakuna shida."

Sauti hiyo naijua. Naisikia kazini kila wiki, mzee anapoambiwa mwanawe hataweza kuja Jumapili hii pia. Sawa, anasema, hakuna shida, na anatazama mikono yake. Mimi humfunika miguu na kuendelea na zamu. Siku ile sikuweza kuendelea na zamu.

"Shemeji, subiri," nikasema. "Nimekudanganya. Joto nimeliweza. Nalala usingizi mchana chini ya bati kuliko huyu ndugu yako. Tunakuja wawili, na ikitushinda tutarudi wawili."

Kipngetich aliacha kijiko.

"Na jambo moja, shemeji. Akija asiletewe kiti. Akae mnapokaa."

"Kiti?" Kibor akauliza. Alimtazama ndugu yake kwenye simu kwa muda mrefu, na nadhani alielewa kitu, kwa sababu Kiswahili cha darasani kilimtoka akamwambia kwa Kikeiyo, polepole, kwamba mawe yapo. Kisha akasema mtandao unasumbua, akakata.

Hatukutazamana. Nilijua nikingoja hata dakika moja nitatafuta njia ya kukwepa, kwa hiyo nilichukua simu ileile nikampigia Violet, nikaweka sauti nje.

"Violet, zile zamu za Septemba ziondoe. Naenda na mzee."

"Wooi, Chelagat. Na nilikuwa nishakuweka kwa schedule since May. Sasa nitapata nani?"

Nikamwambia pole, nikakata. Kipngetich alikuwa amegeuka kitini ananitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nilikuwa mimi wa kutazama kijiko.

"Since May," akasema.

"Mei."

"Kabla ya mazoezi."

"Kabla ya mazoezi."

"Kwa hivyo hata wewe ulikuwa unataka kushindwa."

"Nilitaka. Ni wewe ulinikasirisha na tabasamu lako."

Nilingoja akasirike. Ilikuwa haki yake. Alikaa akifikiri, taya zikisogea, kama anavyofanya akisikiliza mashine iliyoharibika kabla hajaifungua. Kisha akavuta vikombe viwili, akamimina chai, akanisogezea changu.

"Na nikifika huko niendelee kuogopa?"

"Utaniambia mimi kwanza," nikamwambia. "Halafu tutatafuta pamoja mtu wa kusingizia."